Kitanda Kilichoombewa

Yaliyompata mdogo wangu sikusimuliwa na mpita njia. Alinieleza mwenyewe kwa simu, Jumapili baada ya Jumapili, na mwisho wake niliuona kwa macho yangu, mezani kwetu, mchana kweupe.

Nyumbani tulimwita Kijiko, kwa sababu tangu utotoni hakuna sufuria aliyoiacha bila kuikwangua. Kanisa lilipomteua kwenda kuhubiri ng'ambo, mama alilia kwa furaha mbele ya majirani. Mimi nilicheka. Huyu niliyemfulia soksi mpaka akaota ndevu, leo ndiye wa kuwaonyesha watu njia?

Lakini alijitahidi, siwezi kumnyima haki yake. Kila Jumapili baada ya ibada alipiga simu ya video, na mama aliishika simu karibu na uso kana kwamba anataka kuinusa.

"Mama, sogeza simu, naona pua tu," Kijiko alikuwa akisema, tunacheka wote.

Alitusimulia kazi yake: shati jeupe na tai tangu asubuhi, kubisha mlango baada ya mlango, na lugha ngeni iliyokuwa ikimpiga chenga. Wengi waliwafungia mlango usoni. Walitembea wawili wawili, na kanuni hiyo haikuwa na mjadala. Mwenzake tulimwita Mrefu, maana kichwa chake hakikuwahi kuenea kwenye picha. Walikula pamoja, walilala chumba kimoja, na mmoja akienda kununua sabuni, mwingine anamfuata. "Hata ndoa haina masharti haya, dada," Kijiko alilalamika.

Mchana mmoja walibisha kwa fundi cherehani, mama mtu mzima aliyeishi peke yake juu ya duka la vitambaa. Aliwafungulia kabla hawajamaliza kubisha. Mahubiri hakuyataka. Alitaka wamwombee mwanawe mgonjwa, akawapeleka chumba cha nyuma. Palikuwa na kitanda kilichotandikwa vizuri, shuka imenyooshwa, blanketi limekunjwa miguuni. Hapakuwa na mtu.

Mrefu alimvuta shati. "Twende," alinong'ona. "Huyu mama hayuko sawa."

"Tuombe tu," Kijiko akamjibu. "Tutapungukiwa nini?"

Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo mtu asiye na kazi kama yake asingelifanya. Mimi ningempa yule mama pole nikashuka ngazi mbio. Mdogo wangu, kwa huruma yake, alifanya kila kitu kama alivyofundishwa. Alinyoosha mikono juu ya mto, pale ambapo kichwa kingekuwa, akaishusha taratibu.

Mikono haikufika kwenye mto. Iligusa nywele. Zilikuwa na joto na unyevu, kama za mtu mwenye homa.

Angeweza kuiondoa. Aliniambia alimtazama fundi, akaona jinsi alivyokuwa akitumaini, akashindwa. Akaomba mpaka mwisho, akamalizia kwa maneno wanayowaambia wagonjwa wote: "Inuka, uende nasi."

Fundi aliwasindikiza akifuta machozi. Aliushika mlango, Mrefu akapita, Kijiko akapita. Hakuufunga. Alisubiri kidogo, kisha akapunga mkono.

Basi vikaanza vikombe. Kila nyumba iliyowakaribisha ndani iliwawekea vikombe vitatu. Muuza matunda aliwauliza mbona mwenzao hasemi. Msimamizi wao akawapigia simu kuwakumbusha kwamba kanuni ni wawili, huyo wa tatu wamemtoa wapi? Mrefu aliona ni kichekesho. Kijiko naye alicheka, lakini nilimwona kwenye simu akigeuka nyuma kila mara.

Baadaye vikombe vikarudi kuwa viwili. Alinipigia akiwa na furaha, nami nikamwambia si unaona, ni uchovu tu. Jumapili iliyofuata alikuwa ananong'ona.

"Nilinyoosha mkono nichukue kikombe changu. Mwenye nyumba akakisogeza, akakiweka mbele ya kiti kitupu. Mrefu akamshukuru. Hakunitazama hata kidogo, dada."

Tangu hapo mambo yakaenda kombo. Kinyozi aliita anayefuata, na zamu ikapita juu yake. Watu walimpiga vikumbo barabarani bila kuomba radhi. Mrefu alianza kuchelewa kumjibu, kisha akaacha kabisa. Asubuhi moja walipopiga magoti, Mrefu alimshukuru Mungu kwa ajili ya mwenzake mpendwa, akamtaja kwa jina kamili la mdogo wangu. Macho ameyafumba. Mkono ameuweka begani kwa mwenzake. Bega hilo halikuwa la Kijiko.

"Njoo nyumbani," nilimwambia. "Acha kila kitu uje."

"Siwezi kutoroka kazi ya Mungu, dada. Halafu nikiomba, sasa hivi, ni kama nasemea ukutani. Kwanza nikamwone fundi."

Simu yake ya mwisho kwangu aliipiga akiwa kwa fundi.

"Amenifungulia. Ameniona, dada! Ni yeye peke yake anayeniona."

"Amesema nini?"

"Kwamba mwanawe amepona. Yuko kazini na mwenzake." Nikasikia cherehani ikikimbia. "Anasema nimechoka. Kitanda kiko kitupu."

"Usilale hapo! Kijiko, unanisikia? Usilale!"

"Kidogo tu. Miguu imeishiwa nguvu."

Ikakatika.

Siku chache baadaye msimamizi alimpigia mama. Kijana wenu amefanya kazi nzuri, alisema, lakini amechoka, tunamrudisha mapema. Mama akaanza kusugua nyumba siku hiyo hiyo.

Aliyeshuka kwenye teksi alikuwa mdogo wangu. Sura yake, sauti yake, hata kovu la kidevuni. Alikuwa amenenepa kidogo na shati lake limepigwa pasi vizuri mno. Alifika mlangoni akasimama.

"Kwenu hapa, unabisha nini?" mama alicheka. "Ingia, mwanangu."

Ndipo akaingia. Ikawa hivyo kwa kila chumba, jikoni, sebuleni, chumbani kwake mwenyewe. Anasimama. Anasubiri kuambiwa. Mama akamwambia ingia, akaingia.

Sufuria hakuigusa tena. Nilimwita Kijiko, hakugeuka. Tulipomwomba atuombee chakula, yeye mhubiri, alitabasamu akasema, "Dada ataomba." Nilipokuwa naomba nilifumbua jicho moja. Alikuwa ananitazama mikono.

Nilimvuta mama uani. Nikamwambia yote, kitanda, vikombe, simu ya mwisho. Nilikuwa nalia.

"Umemwonea wivu tangu mdogo," mama alisema. "Mwanangu amerudi mzima. Unataka nini tena?"

Jumapili iliyofuata tulikuwa mezani baada ya ibada. Mama, mimi, na yeye. Simu ya mama ikaita, simu ya video, kama zamani. Mama akaipokea, akaiweka mezani. Kioo kilikuwa cheusi. Tulisikia pumzi.

"Mama."

Kijiko wangu. Sauti imechoka, lakini yake.

Mama akamtazama aliyeketi mbele yake. Midomo ya huyo ilikuwa imefungwa.

"Mama, nimelala siku nyingi. Siwezi kuinuka. Hakuna anayekuja kuniombea." Akakohoa. "Niambie tu niinuke. Neno moja, mama, nitakuja."

"Sema, mama!" nilipiga kelele. "Ni yeye! Sema!"

Mama akafungua mdomo. Nilimwona. Neno lilikuwa limefika ulimini.

Yule wa mezani akaweka mkono wake juu ya mkono wa mama. Taratibu. Akanong'ona:

"Nikimpisha, mimi nitakwenda wapi, mama?"

Hakuwa na hasira. Alikuwa anaogopa kama mtoto. Mama alimtazama shavu lililojaa, shati safi, macho yenye machozi. Akaitazama simu nyeusi.

"Mama? Uko hapo?"

Mama akaikata.

"Kula, mwanangu," alisema. "Chakula kinapoa."

Niliikwapua simu, nikabonyeza, nikaita jina la mdogo wangu, nikapiga kelele inuka, inuka, inuka. Haikuunganika. Kwenye orodha ya simu zilizoingia hapakuwa na kitu. Sikumsamehe mama siku ile na sijamsamehe mpaka leo, ingawa namwelewa, na hilo ndilo linalonitesa zaidi.

Simu haijaita tena. Lakini Jumapili mchana, tukiwa mezani, kioo chake hufunga ukungu, doa dogo la mviringo, kama mtu akikaribia dirisha na kupumua. Nimelifuta kwa kitambaa, kwa kanga, kwa kiganja. Halifutiki, kwa sababu liko upande wa ndani. Linajaa, linapungua, linajaa. Mama anasema simu iliingia maji.