Gari Lisilo na Namba

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 16 Machi 2024. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha wilayani Mufindi, na kufikia saa mbili asubuhi ukungu ulikuwa bado umelala juu ya misonobari ya Sao Hill, joto likiwa nyuzi kumi na nne tu. Barabara za udongo mwekundu, zile zinazopitiwa na malori ya magogo, zilikuwa zimelainika kama ugali wa ulezi. Kwa madereva wengi waliokusanyika Mafinga kwa ajili ya mbio za magari, hali hiyo ilikuwa balaa. Kwa Joachim ilikuwa faraja, kwa sababu penye matope hapana vumbi.

Joachim alikuwa mhandisi mstaafu wa barabara, mkazi wa Ilomba jijini Mbeya, mwenye umri wa miaka sitini na moja. Gari lake lilikuwa Datsun 1600 ya mwaka 1971, ndugu wa ile iliyoshinda mbio za Safari mwaka 1970. Alizijua mbio hizo kama padri anavyoijua misa. Angeweza kukueleza kwamba mwaka 1963 yalimaliza magari saba tu, na kwamba mwaka 1968 yakamaliza saba tena.

“Hapo wa kwanza na wa saba wote ni wanaume,” alipenda kusema. “Waliobaki njiani ni watalii.”

“Basi wewe, Baba Lea, ni mtalii wa miaka thelathini,” mkewe Anjela, muuguzi mstaafu, alimjibu siku moja, na majirani wakacheka hadi wakashika mbavu.

Joachim hakucheka, kwa kuwa hesabu ilikuwa sahihi. Katika miaka thelathini alishiriki mashindano kumi na moja, na hakuwahi kuufikia utepe wa mwisho hata mara moja. Alipinduka, alitumbukia mtaroni, alikumbatia misonobari. Mara ya mwisho alimvunja mbavu mbili Peter, msoma ramani wake. Anjela akamwapisha mbele ya mchungaji kwamba atashindana mara moja tu zaidi, kisha gari litauzwa. Tangu siku hiyo Joachim hakutamani ushindi. Alitamani kumaliza.

Ndiyo maana mwezi Februari aliteremka hadi bonde la Usangu, kwa mwanamke aitwaye Nyamizi. Alimkuta akipepeta mchele uani, simu ikiwa imebanwa kati ya sikio na bega. Nyamizi alimaliza mazungumzo yake bila haraka, kisha akamtaka amsomee ajali zake zote. Joachim alikuwa nazo katika karatasi, kila moja na tarehe yake, kilomita yake na mwendo wake. Akasoma kwa sauti kama mtu anayewasilisha ripoti. Nyamizi aliikunja karatasi ile, akaishonea ndani ya kipande cha ngozi ya mbuzi.

“Kaifunge chini ya kiti chako,” alisema. “Ila ajali haifi, mzee. Inahama tu.”

“Inahamia kwa nani?”

“Kwa anayekula vumbi lako.”

“Na malipo yako?”

Nyamizi alirudia kupepeta mchele. “Hapa hulipi wewe.”

Joachim hakuwa mtu mbaya. Alirudi Ilomba, akakaa na kalamu. Katika mbio za magari, dereva huondoka peke yake, na anayemfuata huachiliwa baada ya dakika mbili. Basi anayekula vumbi la mtu ni yule aliye nyuma yake katika orodha. Akawaandikia waandaaji, akaomba apangwe wa mwisho kwa sababu ya uzee wa gari. Wakakubali. Asubuhi ile pale Mafinga aliisoma orodha mara mbili: magari kumi na manne, yeye wa kumi na nne. Nyuma yake palikuwa na ukingo wa karatasi. Na juu ya hayo, mvua. Alikuwa ameufunga mlango mmoja kwa kufuli mbili.

Mdogo wake, Sifaeli, alimjia kwenye mstari wa kuanzia akiwa na kikombe cha chai. Kila mwaka Sifaeli huendesha gari la kufunga njia, lile linalopita dakika kumi baada ya mshindani wa mwisho likiwa na muuguzi ndani, ili kuwaokota waliokwama.

“Leo nikikukuta miguu juu tena, kaka, sikubebi,” alisema. “Nakupungia mkono tu.”

“Leo hutanikuta.”

“Maneno hayo nayasikia tangu sina ndevu.”

Wakacheka. Katika miaka yote thelathini, gari lile lilimkuta Joachim akiwa amekwisha kuanguka. Kwake lilikuwa gari la kubebea walioshindwa, si gari la mashindano. Halikuwa na namba. Halikuwa katika orodha.

Bendera ikashushwa.

Njia ilikuwa ya kilomita ishirini na saba. Peter alisoma maelezo ya njia kwa sauti yake ya siku zote, isiyopanda wala kushuka, na Joachim akayatii. Kulia wazi. Kushoto kali. Daraja jembamba. Gari lilikwenda vizuri mno. Magurudumu yalishika matope kana kwamba ni lami.

Kilomita ya tisa, kona ya kushoto, magurudumu yaliachia.

Gari liligeuka ubavu. Ukingo ukaja. Joachim aliiona misonobari ikiwa imesimama kichwa chini, akaona anga jekundu la udongo, akasikia paa likibonyea na kioo cha mbele kikipasuka usoni pake.

Kisha walikuwa barabarani, katikati ya njia, gia ya tatu. Kioo kilikuwa kizima.

Peter alikuwa ameacha kusoma.

“Mzee,” alinong’ona. “Tumepinduka.”

“Soma.”

“Tumepinduka, mzee. Nimeona.”

“Nyuma yetu hakuna mtu, Peter. Soma.”

Peter alijua habari ya Usangu, kwa kuwa ndiye aliyefunga ile ngozi chini ya kiti. Aligeuza shingo kutazama nyuma. Halafu akasema polepole, kama mtu anayehesabu, “Nyuma yetu yupo Sifaeli.”

Joachim alibadilisha gia.

“Na Mama Lea. Muuguzi wa zamu amechelewa, akasema atakwenda yeye. Nimemwona akipanda. Simama tuwazuie.”

Mguu wa Joachim uliinuka kidogo kutoka kwenye mafuta. Gari likapunguza mwendo. Mbele yao barabara ilikuwa imenyooka, tupu, ikimetameta kwa maji. Zilibaki kilomita kumi na nane.

“Hawamo katika orodha,” alisema. “Hawana namba.”

“Mzee, simama.”

“Kama imehama, imekwisha kuhama. Kusimama hakurudishi kitu.”

Akakanyaga mafuta.

Peter hakusoma tena. Joachim aliendesha bila maelezo, katika njia asiyoikumbuka, na hakukosea. Kilomita ya ishirini na moja wakapinduka. Walisikia vyuma. Walisikia mwanamke akiita jina, mara moja, karibu sana, kama aliyeketi kiti cha nyuma. Kisha barabara ikarudi chini ya magurudumu.

Datsun ile haikuwa na kiti cha nyuma. Kiling’olewa mwaka 1996.

Kilomita ya ishirini na tano, tena. Safari hii mwanamke hakuita.

Joachim aliufikia utepe wa mwisho saa tano na dakika nane. Msimamizi aligonga muhuri kwenye kadi yake ya muda. Alikuwa wa tisa. Watu waliomjua walipiga makofi kwa dhati, maana habari zake zilikuwa zimeenea, na mmoja akamvika shada la maua ya plastiki shingoni. Peter alishuka, akaondoka kwa miguu kuelekea barabara kuu. Hakuaga.

Gari la kufunga njia halikutokea. Baada ya dakika arobaini wasimamizi walirudi kulitafuta.

Walilikuta kilomita ya tisa, katikati ya barabara, likiunguruma taratibu, vifuta maji vikienda na kurudi juu ya kioo kikavu. Halikuwa na mkwaruzo. Milango ilikuwa imefungwa kwa ndani. Sifaeli na Anjela walikuwa wameketi wakiwa wamejifunga mikanda.

Aliyevunja dirisha ili kufungua mlango alitoka mbio, akakaa chini kwenye matope.

Daktari aliyeichunguza miili aliandika kwamba majeraha yale ni ya watu waliokuwa ndani ya gari lililopinduka mara tatu kwa mwendo mkali. Alieleza pia kwamba Anjela hakufa mara ya kwanza, wala mara ya pili. Polisi walilipiga picha gari pande zote nne, wakaandika kuwa chanzo hakijulikani.

Wiki mbili baada ya mazishi, Joachim aliletewa bahasha kutoka hospitali. Ndani yake mlikuwa na vipande vya kioo vilivyotolewa katika nywele za mkewe. Vilikuwa punje punje kama mahindi, namna vinavyovunjika vioo vya mbele vya magari ya zamani. Joachim alivipima unene, akaenda gereji, akakipima kioo cha Datsun. Vililingana. Kioo cha Datsun kilikuwa kizima, mahali pake.

Binti yake, Lea, alimkuta hapo akiwa na rula mkononi. Alikuwa ametoka kuzungumza na Peter.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba.”

“Ulijua tangu kilomita ya ngapi?”

Joachim hakuwahi kusema uongo katika hesabu. “Ya tisa.”

“Na mama alikufa ya ngapi?”

“Ya ishirini na tano.”

Lea aliitazama kadi ya muda, iliyotiwa fremu na kutundikwa ukutani. Akatoka bila kufunga mlango, na hakurudi tena Ilomba.

Nafasi ya tisa kati ya kumi na nne. Gharama yake: watu wawili.