Uyoga Kwenye Kona ya Nyumba

Nyumba ilikuwa inakua vidole viwili kwa saa. Ukisimama karibu ulisikia mlio wake mdogo, kama mtu anayetafuna karanga chumba cha pili. Mfumaji, roboti wa miguu sita mwenye mdomo mrefu, alizunguka msingi akitema pumba za mpunga zilizochanganywa na kuvu, tabaka juu ya tabaka. Kazi iliyobaki ilikuwa ya kuvu yenyewe. Ilitoa nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko unywele, zikapenya kila pumba, zikaila kidogo na kuifunga na jirani yake. Siku ya sita ukuta ulikuwa mgumu kama ubao wa mninga. Siku ya saba uliivishwa.

Kuivisha ndiyo kazi ya Mloka Banzi. Mabomba ya mvuke yalipitishwa ukutani kwa saa tisa, digrii themanini, mpaka kuvu ife. Wanafunzi walipokuja kutembelea aliwaeleza hivi: kuvu haijui kujenga, inajua kula. Porini inakula magogo na majani makavu, na bila hiyo tungezama kwenye takataka za miti. Hapa tunaiacha ile kidogo tu, kiasi cha kufunga pumba, kisha tunaiua kabla haijamaliza sahani.

Mloka alikuwa na miaka hamsini na minne. Shule aliiacha darasa la tano akaenda kuchoma matofali. Mlima ulipoporomoka na kufagia mitaa ya juu ya Morogoro, yeye ndiye aliyesimamia nyumba thelathini na moja za wahanga. Watu walimwita Fundi, na alipenda.

Siku hiyo hakutulia. Mvua ilikuwa ya siku ya tatu. Alipima kona moja ya ukuta mara nne na kila mara namba ilikuwa ile ile. Simu ikalia. Alikuwa mama yake mkubwa, Mwasiti, dada wa marehemu mama yake, anayeishi nyumba ya tisa.

"Mloka mwanangu, umekula?"

"Bado, mama."

"Basi usile huko. Nyumba imetoa uyoga. Kona ya jikoni na kona ya chumbani kwa jirani yetu Kibwana. Mweupe, mnene, unanukia. Nimeshakuna nazi." Alicheka. "Wazee waliotangulia wamepokea, mwanangu. Tulipowapa, wamerudisha."

"Mama, usiupike."

"Kwa nini?"

"Nakuja."

Mhandisi Elineema alikuwa chini ya turubai, anasoma vipimo. Yeye ndiye aliyeizalisha kuvu hiyo maabara. Mloka alimsogelea, akajikuta anaongea huku anatazama pembeni.

"Mhandisi, kuvu yetu inaweza kutoa uyoga?"

"Ikiwa hai, inaweza. Uyoga ni tunda tu, Mzee Mloka. Kuvu yenyewe ni zile nyuzi. Ikiwa na chakula cha kutosha haihangaiki kuzaa. Chakula kikikaribia kwisha ndipo inatoa uyoga, mbegu zipeperuke zikatafute pengine."

"Kwa hiyo ukuta ukitoa uyoga..."

"Ukuta huo hauna kitu ndani. Lakini yetu tunaiivisha. Kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu."

Alipanda pikipiki ya umeme akakata mtaa.

Aliijua sababu ya uyoga ule. Miaka miwili nyuma, nyumba ya kwanza ilipofika siku ya sita, Mama Mwasiti alimwambia kwamba watu hawawezi kuingia nyumba ambayo wazee hawajaonjeshwa. Ilitakiwa unga wa mtama na maji, kwenye kona nne, na iwe kabla ya ukuta kuguswa na moto. Unga uliokutana na moto ni chakula cha walio hai, alisema, hautambikiwi. Sheria ya kazi ilikataza kitu chochote chenye maji kuingia ukutani baada ya siku ya tano. Mloka aliijua sheria hiyo kwa moyo. Akachukua keekee, akatoboa kila kona urefu wa mkono, akamimina, akaziba kwa pumba. Hakumwambia Elineema. Alidhani msomi yule atacheka.

Habari zikaenea, kila familia ikataka. Alifanya hivyo nyumba zote thelathini na moja. Alipewa kuku, alipewa heshima.

Sasa aliona alichokifanya. Vidole-joto, vile vipimo wanavyochomeka ukutani, huingia shubiri moja tu. Unga uliolowa ulikaa ndani zaidi, na maji yake yakanywa joto lote la mvuke. Nje vipimo vilisema themanini. Ndani kona zilikuwa na joto la uji uliopoa, joto ambalo kuvu inalipenda kuliko lolote. Na alikuwa ameiwekea chakula.

Nyumba ya tisa ilikuwa ya ghorofa mbili, familia nane. Alikuta watu wamejaa ukumbini, sufuria katikati, mtu ameshika sahani, mwingine ameshika kifuniko. Uyoga ulikuwa umeota kutoka sakafuni hadi usawa wa kiuno, umepangana kama masikio.

"Fundi amenusa toka mjini," alisema Kibwana, kinyozi wa mtaa. "Mpeni kijiko, huyu hajaitwa akakataa."

"Hebu tokeni nje wote," Mloka alisema. "Kuna hitilafu ya mtambo."

"Mtambo upi?"

"Wa kuivisha. Ukuta huu haufai."

"Basi mtambo urekebishwe, sisi tunakula," Kibwana alisema. "Tukitoka na mvua hii utatulaza wapi, ndani ya kofia yako?"

Wakacheka. Mloka alirudia, safari hii kwa sauti ya ukali, na wakacheka zaidi. Mwanamke mmoja alimwambia akae apumzike, kazi imemchosha. Alitazama dari. Kwenye kona ya jikoni aliona ufa mpya, mwembamba, unashuka.

Mama Mwasiti alikuwa kwenye kigoda, mwiko mkononi. "Mloka," alisema, "mbona hunitazami?"

Akamtazama. Kisha akasema yote. Alisema shimo alitoboa yeye, unga alimimina yeye, sheria aliijua, na mtambo haukuwa na kosa. Alisema uyoga huo si majibu ya mtu yeyote. Ni kuvu imemaliza ukuta na sasa inahama.

Hakuna aliyecheka, lakini hakuna aliyesogea pia. Akachukua mwiko mkononi mwa mama yake mkubwa, akausukuma kwenye ukuta juu ya uyoga. Uliingia mpaka kwenye kishikio, bila sauti. Alipouchomoa, ulitoka na unga mweupe ambao haukuwa wa mtama.

Kibwana aliweka sahani chini. "Magodoro kwanza," alisema. "Na mzee wa ghorofani abebwe."

Walitoka kwa dakika kumi, magodoro kichwani, sufuria zikigongana. Mama Mwasiti hakusimama.

"Mimi ndiye niliyesema iwe kabla ya moto," alisema.

"Mimi ndiye fundi, mama."

"Ulinisikiliza kwa sababu ni mimi."

"Nilikusikiliza kwa sababu nilitaka. Twende."

"Ninyanyue basi. Magoti haya hayana habari na ugomvi wetu."

Alimbeba mgongoni. Walikuwa wamefika chini ya paa la kituo cha maji, ng'ambo ya njia, kona ya jikoni ilipoketi. Haikuwa na kishindo. Ilishuka kama mtu aliyechoka anavyotafuta pa kukaa, ukuta wa mbele ukaifuata, na ghorofa zote mbili zikalala juu yake. Vumbi jeupe lilipanda, mvua ikalirudisha chini.

Watu arobaini na watatu walihesabiana. Wote walikuwepo.

Kibwana alimjia Mloka. Mloka alisubiri kofi, na angelipokea.

"Umesema ulifanya hivi nyumba ngapi?"

"Thelathini na moja."

"Na hii yetu ni ya ngapi?"

"Ya tisa."

Kibwana aligeuka akatazama juu ya kilima, kwenye paa nane zilizojengwa kabla. Kuvu ya kule ilikuwa imekula muda mrefu zaidi.

Mloka alimpigia Elineema, akamweleza bila kupunguza.

"Nilikuuliza kwa nini unauliza," Elineema alisema.

"Nilikudanganya."

"Natuma magari na watu wa uokoaji, nusu saa. Wewe anza na ya kwanza. Wakikataa kutoka, watoe."

Alikata simu akavuta pikipiki. Mama Mwasiti alikuwa ameshasimama, ameshika nguzo.

"Nibebe," alisema.

"Mama, mvua. Kaa hapa."

"Nyumba ya kwanza wana uyoga tangu juzi. Nimewapigia mwenyewe kuwapongeza. Ukienda peke yako watakupa kijiko kama hawa. Mambo ya ukuta hawatakuelewa, mwanangu, wanaelewa yangu. Mimi ndiye niliyewaambia kwamba wazee waliomba. Lazima niwaambie hawakuomba, ni mimi niliyesema."

"Hawatakuamini tena kwa lolote."

"Najua."

Alikuwa na miaka themanini na mbili, na kwa miaka sitini ukoo mzima haukuchimba msingi wala kuzika mtu bila kumuuliza. Mloka alimpakia nyuma ya pikipiki, akamfunga kiunoni mwake kwa khanga ya yule mama, asidondoke, wakaanza kupanda kilima. Njia ilikuwa tope. Nyuma yake alimsikia akiyajaribu yale maneno kwa sauti ndogo. Alifika katikati ya maneno, akakwama, akaanza upya.