Gari Lililovaa Sweta

Radhia alipata leseni ya udereva akiwa na miaka arobaini na moja. Mtihani aliufanya mara nne. Mara mbili alishindwa kwenye mapipa, pale dereva anapotakiwa kurudi nyuma bila kugusa pipa hata moja. Mara ya tatu aliyapita mapipa salama, akashindwa barabarani. Mara ya nne askari alimwambia, "Mabruk, umefaulu," na Radhia akalia palepale kwenye usukani.

Tangu siku hiyo nyumba yao ya Al Hail, Maskati, ilibadilika. Zamani wote walikuwa wakimngoja mumewe, Musallam, atoke kazini wizarani. Sasa Radhia ndiye aliyempeleka binti yao Maram chuo kikuu, huko Al Khoudh. Ndiye aliyekwenda sokoni. Na kila Jumapili na Jumatano alimpeleka mama mkwe wake, Bibi Mwanakheri, kliniki kufanyiwa mazoezi ya goti.

"Nyumba yetu imeota miguu," Bibi alikuwa akisema, na kila akisema, Radhia alifurahi kama ndiyo kwanza anasikia.

Mwezi wa pili Musallam alinunua gari la familia. Lilikuwa limetumika Kanada, likaletwa Oman kwa meli. Halikuwa dogo wala kubwa. Lilikuwa limeinuka kidogo, na Bibi aliweza kupanda bila kuliumiza goti lake. Lakini kilichomtia Musallam wazimu kilikuwa matairi.

"Hebu tazama meno haya," alimwambia Radhia, akipigapiga tairi kwa kiganja. "Mapya kabisa! Na hapa ubavuni, unaiona alama ya mlima? Matairi ya mlimani haya. Jabal Akhdar tutakwenda kama tunakwenda dukani."

Radhia aliinama kutazama. Aliona mlima mdogo wenye vilele vitatu, na ndani yake kitu kama nyota yenye matawi. Hakujua maana yake. Mumewe naye hakujua, ila yeye hakuwa na habari kwamba hajui.

Mwezi wa pili na wa tatu gari lilikwenda vizuri. Mwezi wa tano joto lilipoanza, likabadilika. Kwenye kona lilikuwa kama linaelea. Radhia akikanyaga breki, lilichelewa kusimama.

"Musallam, gari hii haisimami vizuri," alisema siku moja.

"Gari haina kitu. Tatizo ni mguu wako. Umezoea gari ndogo ya mwalimu. Kanyaga breki mapema."

Radhia akawa anakanyaga mapema, kisha mapema zaidi. Lakini gari halikubadilika.

Jumatano moja ya mwezi wa sita, saa saba mchana, alikuwa akitoka kliniki na Bibi. Joto lilikuwa digrii arobaini na saba. Karibu na chuo kikuu, wanafunzi walianza kuvuka barabara kwenye pundamilia. Radhia aliwaona toka mbali. Alikanyaga breki. Akaikanyaga kwa nguvu zote. Gari lilitetemeka na kuendelea mbele, mbele, mpaka likasimama katikati ya michirizi myeupe. Msichana mmoja aliruka nyuma, vitabu vikamwanguka. Alikuwa rika la Maram.

Hakuumia mtu. Lakini goti la Bibi liligonga dashibodi, na Radhia aliendesha polepole mpaka nyumbani.

Alipofika, aliweka ufunguo juu ya friji.

"Khalas," alisema. "Siendeshi tena. Mtihani walinionea huruma tu. Mie si dereva."

Musallam aliogopa sana aliposikia habari ile. Woga wake ukatoka na maneno mabaya. "Labda ni bora," alisema. "Kuendesha gari si lazima."

Radhia aliingia chumbani akafunga mlango. Maneno yale yalimuuma kuliko mapipa yote.

Nyumba ikapoteza miguu yake. Maram alikaa chuoni saa mbili akingoja gari la rafiki. Jumapili Bibi hakwenda kliniki, kwa sababu Musallam alikuwa na mkutano. Jumatano hakwenda tena, na goti likavimba. Idi Kubwa nayo ilikuwa imebakisha siku nane. Kila mwaka walikwenda Ibra kwa jamaa zao, zaidi ya saa moja na nusu za barabara kuu inayopita kati ya milima. Safari hii Musallam angeendesha peke yake, kwenda na kurudi, huku mgongo unamuuma.

Ijumaa baada ya sala walikuwa wanakula wali na samaki. Bibi alisukuma sahani yake pembeni.

"Musallam, mwanangu. Mie siendeshi gari, lakini macho nnayo. Siku ile nilikuwa nimekaa ubavuni kwake. Nimeuona mguu wake. Alikanyaga breki wale wasichana wako mbali. Gari ndiyo iliyokataa kusimama."

"Mama, gari nimeikagua mwenyewe. Juzi hata upepo wa matairi nimeupunguza kwa ajili ya joto."

"Basi mpe anayejua akague. Kwa gari hii siendi Ibra. Nshasema."

Musallam angeweza kubishana na wizara nzima, lakini si na mama yake.

Siku ya pili, saa tano asubuhi, walikwenda kwenye karakana moja ya matairi, wote wanne. Musallam aliendesha. Radhia alikaa nyuma na Maram.

"Wataniambia ni mguu wangu," alimnong'oneza binti yake waliposhuka.

"Hawakwambii hivyo, dada," ilijibu sauti kutoka chini ya gari la pembeni. Mtu mrefu alijikokota akatoka, akijifuta mikono. "Shikamoo, bibi. Karibuni sana. Mimi Simoni, kwetu Njombe. Kiswahili kizuri hivi sijakisikia tangu mwezi uliopita!"

"Marahaba, mwanangu," alisema Bibi, uso umemchanua. "Hebu tutazamie gari letu. Breki mbovu."

Simoni alipima breki. Zilikuwa nzima. Kisha akamgeukia Radhia.

"Dada, wewe ndiye uliyekuwa unaendesha? Linakusumbua saa ngapi?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Radhia alifikiri.

"Asubuhi na mapema si vibaya sana," alisema polepole. "Mchana ndiyo hatari. Na mwezi wa pili halikunisumbua kabisa."

"Sawa. Sasa niambie, mtu asiyejua kuendesha, anajua asubuhi halafu mchana anasahau?"

"Hapana," alisema Radhia.

"Basi tatizo si wewe. Dereva habadiliki kwa jua. Kinachobadilika kwa jua ni mpira."

Radhia aligeuza uso kidogo. Machozi yalikuwa yamemjia, na hakutaka fundi ayaone.

Simoni alichuchumaa mbele ya tairi. Alisukuma moja ya yale manundu makubwa kwa kidole gumba. Likapinda.

"Hizi sisi tunaziita kashata. Tazameni zilivyokatwakatwa vistari vyembamba. Bonyeza ukucha, kaka."

Musallam alibonyeza. Ukucha ulizama, ukaacha alama. Simoni akamletea tairi jingine lililokuwa nje juani. Musallam alibonyeza tena. Lile lilikuwa gumu zaidi, ukucha haukuzama.

"Haya ya kwenu ni matairi ya theluji," alisema Simoni. "Kule Kanada, wakati wa baridi barabara inafunikwa na barafu. Mpira wa kawaida unakakamaa, unateleza. Kwa hiyo wanatengeneza mpira laini sana, wa kutumia joto likishuka chini ya digrii saba. Huko unashika barabara vizuri. Huku, lami inachoma mguu. Mpira unalainika kupita kiasi, kashata zinapindapinda, gari linayumba, breki inachukua masafa marefu. Na tairi linakwisha upesi."

"Na wakati wa baridi wa huku?" aliuliza Maram. "Mwezi wa kwanza?"

"Maskati usiku wa baridi ni digrii kumi na saba. Kwa tairi hili, hiyo bado ni joto."

"Lakini mlima!" Musallam aliinyooshea kidole ile alama. "Pameandikwa mlima!"

"Ni mlima, kaka, lakini tazama ndani yake. Ile si nyota, ni chembe ya theluji. Ukiona mlima na theluji, jua tairi limetengenezewa nchi ya baridi. Usilifunge huku hata kama lina sura nzuri namna gani."

Bibi alikuwa akisikiliza kwa makini, mikono juu ya fimbo yake.

"Yaani miezi yote hii," alisema, "gari tumeivalisha sweta?"

Simoni alicheka mpaka akaegemea gari. Maram naye akacheka. Hata Radhia alicheka, kwa mara ya kwanza tangu siku ya pundamilia. Musallam peke yake alibaki anautazama ule mlima wake.

Lakini Musallam hakuwa mtu wa kukata tamaa upesi. "Basi nipe yale," alisema, akionyesha matairi mapana yenye meno kama ya mamba. "Ya jangwani."

"Mnaendesha jangwani?"

"Hapana," alisema Radhia kabla mumewe hajajibu. "Chuo, kliniki, sokoni. Na Ibra siku za Idi. Lami tupu."

"Basi chukueni ya lami. Hayo ya mchanga yatawapigia kelele njia nzima, na barabarani hayasimami vizuri kama ya lami." Simoni alifungua mlango wa dereva, akaonyesha kibandiko kwenye nguzo ya mlango. "Dada, soma hapa. Hiki ndicho kipimo cha tairi la gari hili, na chini yake ni kipimo cha upepo. Usichague kwa sura. Kipimo cha tairi unalonunua kilingane na hiki."

Radhia alisoma namba zile kwa sauti. Simoni akaleta tairi, akalilaza mbele yake.

"Sasa kagua wewe mwenyewe. Kipimo?"

"Ni kilekile."

"Joto? Tafuta hilo neno kwa Kiingereza, mbele yake pana herufi. A inastahimili joto kuliko zote. Kisha B. C ndiyo ya mwisho."

"A," alisema Radhia.

"Na umri wake? Kuna namba nne ndani ya duara refu. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka."

Radhia aliinama, akazungusha tairi, akasoma. Alihesabu kwa vidole. "Limetengenezwa miezi mitano iliyopita."

"Safi. Mimi sishauri mtu anunue lililokaa dukani zaidi ya miaka miwili. Mpira unazeeka hata ukiwa umekaa tu. Na kwa joto la huku, likifika miaka mitano badilisha, hata kama kashata bado zipo."

"Nibadilishe mawili sasa, na mawili baada ya Idi?" aliuliza Musallam.

"Hapana, kaka. Yote manne, ya aina moja. La mbele likishika na la nyuma likateleza, gari linazunguka."

Kisha Simoni akapima upepo wa matairi ya zamani, akatikisa kichwa. "Nani aliyepunguza upepo?"

Musallam alikohoa. "Watu wanasema siku za joto..."

"Wanakosea. Tairi lenye upepo mdogo linajikunja sana, linapata moto zaidi, mwisho linapasuka. Jaza kama kibandiko kinavyosema. Pima asubuhi, gari halijatembea, mara moja kwa mwezi na kabla ya kila safari. Na tairi la akiba usilisahau."

Gari lilipokuwa juu ya jeki, Musallam aliyatazama matairi yake yaliyolazwa chini. Bado yalikuwa yanang'aa. Binamu yake Saeed alikuwa ameyataka tangu siku ya kwanza. Saeed alikuwa na watoto wanne.

"Haya nifanye nini?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Kuna mtu ameyapenda."

Simoni alimtazama tu.

"Yakate," alisema Musallam. "Saeed nitamwambia mwenyewe."

Akaenda alikosimama mkewe, kwenye kivuli.

"Radhia," alisema, "mguu wako haukuwa na kosa. Nimekuonea. Unisamehe."

"Nilikwambia gari haisimami," alisema Radhia.

"Ulinambia. Sikukusikiliza."

"Nshakusamehe," alisema Radhia. "Lakini siku nyingine unisikilize."

Siku moja kabla ya Idi, baada ya kupima upepo, Musallam aliutoa ufunguo juu ya friji. Alifungua mlango wa dereva, akamkabidhi Radhia ufunguo, naye akazunguka akakaa upande wa pili. Bibi na Maram walikaa nyuma na vyombo vya chakula.

Moyo wa Radhia ulikuwa ukidunda walipoingia barabara kuu. Baada ya kona tatu ukatulia. Gari halikuelea. Lilifuata usukani.

Walipokaribia Ibra, saa nane mchana, jua kali, ngamia alitoka nyuma ya mgunga akaingia barabarani bila haraka yoyote. Radhia alikanyaga breki. Gari liliinamisha pua, likashika lami, likasimama. Kati yao na ngamia palikuwa na nafasi ya kuegesha gari jingine zima.

Musallam alikuwa amekandamiza zulia kwa mguu wake mwenyewe, kama vile breki iko upande wake. Aliuondoa polepole.

"Mungu akuwekee mguu huo," alimwambia mkewe.

Nyuma, Bibi Mwanakheri alifumbua macho. Alikuwa amelala fofofo, goti lake limenyooka, na hakuna kilichomgonga.

"Tumeshafika?" aliuliza.

"Bado, Mama," alisema Radhia. "Kuna ngamia anapita."

"Aa. Mwache apite," alisema Bibi, akajifunika mtandio wake, akalala tena.