Upande A wa Kanda ya Sixte

Siku ya treni, stesheni ya Mpanda haikuwa na mkubwa wala mdogo. Ukisukumwa, sukuma, ukikanyagwa, kanyaga na wewe, mradi mzigo wako utoke kwenye behewa ukiwa mzima. Scola alikuwa bingwa wa mambo hayo. Siku hiyo ya mwaka 1996 alivaa gauni la maua mekundu na raba nyeupe, na kalikiti, yale mawimbi ya dawa ya nywele zake, ilikuwa imekolea mafuta mpaka kola imeloa. Alilifikia boksi lake la kaseti tupu kutoka Tabora, akalishika na kuvuta. Boksi halikuja. Upande wa pili lilikuwa limeshikwa na mkono wa mwanaume.

"Kaka, achia mzigo wa watu."

"Dada, mzigo wa watu ndiyo huu ninaouvuta."

"Umeandikwa jina langu."

"Jina lako nani?"

"Kwani wewe unataka jina au unataka boksi?"

"Kama vyote haviwezekani," yule mwanaume alisema, akaachia, "nipe jina."

Scola alitaka kukasirika, akashindwa. Mwanaume mwenyewe alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, amevaa shati la drafti lililofungwa vifungo vyote mpaka shingoni, na mgongoni amebeba gitaa ndani ya gunia la mbolea. Boksi lake la nyuzi za gitaa lilikuwa chini ya lile la Scola. Kwa hiyo alibeba yote mawili kichwani, akamfuata mwenye gauni la maua hadi kwenye fremu yake ya duka pembeni ya soko. Hakuna aliyemwomba.

Aliitwa Malale, Msukuma. Baba yake alihamia Sibwesa na ng'ombe mia na kitu, na mpaka leo gitaa la mwanawe aliliita mbao yenye waya. Mpanda mjini, lakini, Malale alikuwa na bendi, na bendi ilikuwa na wapenzi wake.

Scola yeye alikuwa Mfipa wa Sumbawanga, na kazi yake ilikuwa kurekodi kaseti. Unamletea kaseti tupu na orodha ya nyimbo. Jioni unarudi, unakuta muziki. Alikuwa na redio kubwa ya deki mbili: kushoto inacheza, kulia inarekodi.

Kuanzia siku ile Malale akawa hapitishi siku bila kuegemea kaunta na kumtania kwa zile radi ambazo watu husema Wafipa hutuma.

"Mfipa, leo umenipiga radi ngapi?"

"Moja tu, na imekukosa. Nenda kachunge ng'ombe."

"Ng'ombe nimewaacha Sibwesa. Hapa nimekuja kuchunga mtu."

"Unachunga bila fimbo?"

"Nina gitaa."

Mapenzi yalianza hivyo, na mji mzima ukajua kabla wenyewe hawajaambiana.

Jumatano moja Malale alikuja akiwa mpole isivyo kawaida. Alitoa kaseti kuukuu mfukoni, akaiweka juu ya kaunta taratibu.

"Scola, hii ni kanda ya Mzee Sixte. Iko moja tu."

Akamweleza. Sixte alikuwa Mrundi wa Katumba, fundi wa jenereta. Zamani mhandisi mmoja wa barabara alimwachia santuri za Wamarekani weusi waliopiga roki na bluzi, watu ambao hata kwao hawakuwa na jina. Sixte alizisikiliza mpaka zikaisha. Kisha akachukua huzuni ile, akaiimba kwa Kiswahili na Kirundi, na gitaa lake likawa linalalamika mpaka msikilizaji anatafuta pa kukaa. Mwaka 1979 alijirekodi nyimbo nane kwenye ukumbi wa misheni. Hakuna redio iliyowahi kuzipiga. Alifariki miaka miwili iliyopita, na mwanafunzi wake alikuwa mmoja tu, Malale.

"Mwezi ujao watu wa redio wanakuja kutoka Dar kurekodi wanamuziki wa mikoani," Malale alisema. "Watafika na treni, wakae siku moja. Nataka wamsikie Sixte mwenyewe. Wasiponisikia mimi, sawa. Yeye lazima wamsikie. Nitolee nakala, Scola, ili hii iendelee kukaa salama."

"Itakaa salama. Iko kwangu."

Kaseti ya kurekodi ina vijino viwili vya plastiki mgongoni. Ukivivunja, hakuna redio itakayoweza kuifuta. Sixte hakuwa amevivunja. Kwa miaka sita Scola alikuwa na sheria: kanda ya mteja ikigusa kaunta, vunja vijino kwanza. Alikuwa anaitafuta bisibisi pale Malale alipoanza kumsimulia jinsi dume la baba yake lilivyoingia kanisani Sibwesa siku ya ubatizo. Scola alicheka mpaka machozi. Huku anacheka na kumtazama yule mwanaume midomo, akatumbukiza kanda mbili kwenye redio, akabonyeza.

Kanda ya Sixte ilikuwa kulia.

Aligundua baada ya nusu saa, Malale akiwa ameshaondoka. Aliweka upande A kusikiliza, akakuta kimya. Akapeleka mbele. Kimya. Nyimbo nne zilikuwa zimefutika, pamoja na ule ambao Malale aliupenda kuliko zote, "Reli Imeishia Hapa". Akakaa chini sakafuni, na wateja wakapiga hodi wakachoka.

Angesema siku hiyo hiyo, mambo yangekuwa mepesi. Lakini nani huwa anasema siku hiyo hiyo? Wiki ya kwanza alimwambia Malale umeme unasumbua. Wiki ya pili, hedi ya redio imechafuka. Usiku hakulala. Mchana alisikiliza upande B uliobaki, mara kumi, mara ishirini, na humo ndimo alimomsikia Sixte akisema kwa sauti ya kukwaruza: "Wimbo huu na kanda hii nampelekea Pudensiana wa Mwese."

Kama Sixte alipeleka kanda Mwese, na hii ikabaki kwa Malale, kumbe kuna nakala nyingine! Au ilikuwepo.

Mwese ni milimani, barabara mbovu, na aliyekuwa akienda huko mara kwa mara ni Yasser, dereva wa Landrova ya abiria. Scola akampa barua ya kumpelekea huyo Pudensiana. Jibu halikuja. Akampa ya pili, kisha ya tatu. Kila mara walikutana nyuma ya soko, maana alitaka Malale asijue. Na Mpanda ya wakati huo, ukijificha nyuma ya soko ni sawa na kupiga ngoma.

Malale alikuja dukani na shati lake la drafti, ila leo hakuegemea kaunta.

"Nikuulize kitu, Scola?"

"Uliza."

"Yasser ni nani kwako?"

"Dereva."

"Dereva wa gari, au dereva wa barua za uchochoroni?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Neno moja tu lingetosha kujisafisha. Lakini akisema barua ni za nini, itabidi aseme na kanda imekuwaje. Alimtazama Malale, akawaza: bora anione malaya kuliko ajue nimemzika Sixte mara ya pili. Akanyamaza.

"Haya, umenijibu," Malale alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nipe kanda yangu."

"Haijawa tayari."

"Wiki tatu?"

"Malale, nakuomba. Siku watakayofika watu wa redio, utaipata."

"Kumbe unanikomoa! Na mapenzi umeninyima, na kanda unanizuilia. Sawa. Bendi inakwenda Tabora kupiga hotelini wiki moja. Nitarudi na treni hiyo hiyo ya watu wa redio. Nitachukua kanda yangu, nikuache na Yasser wako."

Aliondoka. Scola alilia siku mbili. Siku ya tatu Yasser alirudi kutoka Mwese, akatoa kichwa dirishani.

"Dada Scola, yule mama amenena leo. Amesema kama una shida, uje kwa miguu yako, asitumiwe tena makaratasi."

"Kanda anayo?"

"Hakusema. Mimi kesho asubuhi naondoka, kama unakwenda."

Scola alifunga duka. Lakini kabla ya Mwese alikwenda kwanza posta, akaomba simu ya ile hoteli ya Tabora ambako bendi ilikuwa inapiga. Alikuwa ameamua: ikipatikana kanda, isipopatikana, ukweli utatangulia. Foleni ilikuwa ndefu, na laini ilikuwa mbovu kuliko kawaida.

"Haloo! Malale? Mimi Scola!"

"Nani? Ongea kwa nguvu!"

"Scola wa kaseti! Nina neno nakwambia!"

"Sikusikii! Paza sauti!"

Scola akafumba macho, akapaza. "Kanda ya Sixte nimeifuta! Upande A wote! Kwa mkono wangu mwenyewe, siku ile unanichekesha! Nimekudanganya wiki tatu! Yasser si bwana wangu, nilimtuma Mwese atafute nakala! Nakupenda, na nimekuharibia!"

Karani wa posta aliacha kugonga mihuri. Kwenye simu ilisikika pumzi ya mtu, ndefu, halafu laini ikakatika.

"Amesemaje?" Scola aliuliza, kama vile waliokuwa kwenye foleni walikuwa na simu masikioni.

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akamjibu. "Hajasema kitu, mdogo wangu. Wewe nenda Mwese."

Landrova ilikwama mara mbili, na mara ya pili Scola hakusubiri. Alipanda vilima kwa raba zake mpaka zikawa rangi ya udongo. Alimkuta Pudensiana kwenye shamba la maharage: mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, amejifunga kitenge kifuani, jembe begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Barua zako zote nilisomewa. Umeandika unaitaka kanda ya Sixte. Hujaandika kwa nini."

Scola angeweza kusema habari za redio na sifa na Dar es Salaam. Alikuwa amechoka kuficha.

"Kwa sababu ya kwanza niliifuta mimi. Mwenyewe aliniamini nayo, nikaifuta nikiwa nacheka. Mwanaume ninayempenda amebakiwa na nusu ya mwalimu wake."

Pudensiana alishusha jembe. "Wametangulia watatu kuja kuiomba. Kila mmoja aliniapia ataitunza kama mboni ya jicho. Wewe wa kwanza kuniambia unaharibu." Akacheka kicheko kikavu. "Sixte alitaka kunioa, nikaogopa maneno ya ndugu. Miaka kumi na saba sijaisikiliza, kwanza redio sina. Itakuwa nzima? Sijui. Twende. Ila inakaa hapa." Akajipiga kifuani.

Walishuka na Yasser, wakalala njiani gari likitengenezwa, wakaingia Mpanda treni ikiwa imeshafika. Hapakuwa na nafasi ya kupita dukani kuijaribu. Watu wa redio walikuwa wameshaweka mitambo yao kwenye chumba cha abiria, jenereta inanguruma nje, umati umejaa mpaka kwenye reli. Fundi wao aliitwa Cletus, kijana wa miwani na kaptura ya kaki. Mbele yake alisimama Malale, gitaa limening'inia, macho mekundu ya safari.

Scola alipita katikati ya watu akiwa na vumbi mpaka kwenye kope, kalikiti yote imesimama.

"Malale."

"Scola."

"Ulinisikia kwenye simu?"

"Tabora nzima ilikusikia." Hakutabasamu. "Nilikasirika mpaka Kaliua. Baada ya Kaliua nikajiuliza, mimi niliyekushuku na Yasser dukani kwako, na wewe uliyejitangaza mkosaji mbele ya posta, nani ana haki ya kukasirika? Sikupata jibu. Kanda ipo?"

"Mwenyewe huyu hapa."

Pudensiana alitoa kaseti kifuani. Utepe ulikuwa umelegea. Scola akaomba kalamu, akaiingiza kwenye tundu, akazungusha pole pole mpaka utepe ukakaza. Kisha akachukua bisibisi ya Cletus, akavunja vijino vyote, watu wote wanaona. Pudensiana akabonyeza mwenyewe.

Kwanza mkwaruzo. Mkwaruzo mrefu. Mtu mmoja akasema, imekufa hiyo. Scola aliuma mdomo mpaka ukamuuma.

Halafu gitaa likaingia, chini, zito, likijivuta, na sauti ya Sixte ikaanza kuwaambia watu wa Mpanda kwamba reli imeishia hapa, na mwenye kumfuata mpenzi wake mbele ya hapa aende kwa miguu. Pudensiana alikaa juu ya mzigo wa mtu, akafunika uso kwa kitenge. Hakuna aliyemsogelea.

Ubeti wa pili ulipoanza, Malale aliweka vidole kwenye nyuzi. Sixte akiuliza, Malale anajibu. Mwalimu akishuka, mwanafunzi anapanda. Watu wakaanza kupiga makofi kwa mwendo wa treni, wapagazi, wachuuzi wa karanga, hadi stesheni masta na kofia yake. Wimbo ulipoisha walipiga kelele mpaka jenereta haikusikika. Jina lilikuwa moja tu: "Sixte! Sixte!" Scola alilia bila kujificha, na alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuipata tangu azaliwe.

Cletus alivua headfoni, akafuta miwani. "Nimezunguka mikoa kumi. Hiki kitu hakipo popote." Akasogeza maikrofoni. "Kwa ajili ya kumbukumbu: aliyeipata kanda hii ni nani?"

"Anaitwa Scola," Malale alisema kwenye maikrofoni. "Ni mke wangu."

"Tangu lini?" Scola aling'aka.

"Bado hujakubali. Nasubiri."

Hata Pudensiana alifunua uso. "Binti," alisema, "mimi niliogopa ndugu. Usinione hivi ukafikiri nilipata faida."

Cletus akanong'ona, "Dada, utepe unazunguka. Jibu basi."

Scola alimtazama yule Msukuma na shati lake lililofungwa mpaka shingoni. Akasogeza mdomo kwenye maikrofoni, akapaza sauti kama yuko posta. "Nimekubali! Ila ng'ombe wa mahari usituletee waliokonda!"

Baada ya wiki tatu redio ilimpiga Sixte kwa mara ya kwanza, nchi nzima, bila kukata hata neno moja la kwenye maikrofoni, mpaka lile la ng'ombe waliokonda. Ndivyo mama yake Scola, akipepeta ulezi uani kwake Sumbawanga, alivyojua kwamba binti yake anaolewa. Barua ya Scola ya kumpa habari ilikuwa bado iko njiani. Aliweka ungo chini, akapiga vigelegele peke yake, majirani wakaja mbio kuuliza kuna nini.