Kiti cha Mjomba

Kila jioni Chiriku alipeleka sahani ya mjomba wake kwenye chumba cha uani. Tangu mjomba apatwe na ugonjwa wa akili, mama alitaka ale peke yake, eti apumzike. Karakana yake ya useremala ilikuwa imefungwa, na mkewe alikuwa amerudi kwao. Mara nyingi Chiriku alikuta kitanda kitupu. Mjomba yuko kilabuni, anakunywa.

"Ya nyumbani hayatoki nje," mama alimwonya. Basi msichana huyo, aliyepewa jina hilo kwa mdomo wake usiojua kupumzika, kwa hili aliufunga.

Siku ya kliniki alimsindikiza mjomba. Muuguzi aliuliza swali lake la kila mara. "Na pombe je?"

"Hanywi," Chiriku alijibu upesi.

Muuguzi alimtazama mjomba, aliyekuwa akisinzia kitini huku mikono ikimtetemeka. "Basi dawa haimtoshi. Nitamwomba daktari aongeze."

Chiriku aliogopa. Asubuhi ile mjomba alikuwa ameanguka mlangoni. Wakimwongezea dawa juu ya pombe, si atalala asiamke?

"Nimekudanganya," alisema, machozi yakimlengalenga. "Anakunywa kila siku. Mjomba, nisamehe."

Mjomba aliinamisha kichwa. "Kule kilabuni wananisogezea kiti, mwanangu," alisema taratibu. "Nyumbani naletewa sahani."

Chiriku aliona aibu, maana sahani hizo alizipeleka yeye.

Muuguzi hakugomba. Alimwita mama aje kliniki, akamweleza: "Dawa hizi na pombe havipatani. Asiache ghafla akiwa peke yake, tutamsaidia hapa. Lakini mtu aliyepoteza kazi na mke, kisha akatengwa hata mezani, ni rahisi akimbilie pombe. Hilo la meza ni lenu."

Jioni ile mezani palikuwa na viti viwili tu. Chiriku alimpa mjomba chake, akakalia ndoo.

"Ndoo, na seremala yumo humu ndani?" mjomba alitania.

Haikuwa kazi ya siku moja. Kuna wiki aliteleza akarudi kilabuni, na Chiriku akamwambia muuguzi vilevile. Mikono ilipotulia, mjomba alichonga kiti cha tatu.

Mama alikipapasa kwa muda. "Nilidhani kuficha ni kumstahi kaka yangu," alimwambia Chiriku. "Kumbe nilikuwa nampoteza. Anayetibu aambiwe ukweli, mwanangu, hata kama unatutia aibu."

"Sasa kaeni," alisema mjomba. "Chakula kinapoa."