Mika Alinitaja

"Huyo ndiye! Huyo ndiye anajua bunduki zilipo!"

Sauti ile niliijua. Hata usingizini ningeijua.

Ilikuwa ya Mika... mshkaji wangu, mtu niliyelala naye chumba kimoja na kula naye sahani moja!

Mimi wakati huo nimekalishwa chini, tairi bovu limenibana mabega, petroli inanichuruzika mgongoni. Mbele yangu jamaa anatikisa kiberiti kusikia kama bado kina njiti.

Watu wamejaa. Wananiita jambazi.

Na Mika, badala ya kusema mwacheni hana kosa, ananinyooshea kidole!

"Mika!" nikapiga kelele. "Mika, unaniuza?"

 Akarudia kwa nguvu zaidi:

"Mimi sijui kitu! Muulizeni huyo!"

Jamani... usiombe yakukute.

Naitwa Athuman. Haya yalinikuta Tunduma, mwaka 2015. Wadau, someni polepole, msiruke mstari, halafu mkimaliza mniambie kama ningeweza kujua.

Nilitoka Kondoa kuja kwa baba yangu mdogo, Abdulrahim. Ba'mdogo alikuwa na banda la gemu nyuma ya stendi. Televisheni nne, mabenchi, na feni moja yenye kelele nyingi kuliko upepo. Mimi na Mika ndio tuliliendesha.

Mika alikuwa Mndali wa Isongole, kule Ileje, karibu na Malawi. Mrefu, mpole, utani hauishi mdomoni.

Sasa mwaka ule vijana wote wa banda letu walikuwa wanaumwa ugonjwa mmoja.

Kuna gemu la bunduki lilikuwa linakuja.

Lilikuwa bado halijatoka! Lilikuwa linasubiriwa mwaka unaofuata. Tulikuwa na kionjo chake tu, kile kipande cha video cha kulitangaza, tumekipakua kwenye simu ya Mika, na tulikitazama hadi tukajua kila mlio kabla haujalia.

Stori yake, nchi ya watu imetekwa na jeshi la wageni. Vizuizi kila barabara. Ndege zinazunguka juu ya mapaa, raia wanapigishwa magoti mitaani. Wewe ni kijana wa kawaida tu. Unaingia chimbo, unapata bunduki, unakomboa nchi yako mtaa kwa mtaa.

Na dunia yake iko wazi! Hakuna wa kukupangia njia. Mlango ukiuona unaingia, pikipiki ukiiona unapanda.

Tulikuwa tunakesha... samahani, tulikuwa tunashinda mchana kutwa tunabishana.

"Oya Mika, Tunduma ikitekwa unaanzia wapi?"

"Foleni ya malori! Adui gani atakagua malori yote yale? Atachoka kabla hajafika katikati."

"Na ukikamatwa, utanitaja?"

"Nakutaja asubuhi na mapema, mwanangu! Kipigo mimi siwezi. Nikiona rungu tu, nataja hadi namba ya kiatu chako."

Banda zima likacheka. Na mimi nilicheka sana.

Ba'mdogo naye akaona fursa. Yeye alitaka gemu likitoka tu, mji mzima ujue liko kwake. Akataka bango kubwa la nje, picha yetu mimi na Mika tumevaa kama wapiganaji wa msituni.

Nguo tukazifuata Nakonde, upande wa Zambia, kwenye salaula, ndivyo wenzetu wanavyoita mitumba. Mtu wa Tunduma kwenda Nakonde ni kama kutoka sebuleni kwenda jikoni, hufikirii mara mbili. Tukapata majaketi na suruali za mabaka mabaka.

Bunduki alichonga Mika mwenyewe, kwa mbao. Akapaka rangi nyeusi, akapaka na grisi. Ukiziona kwa mbali kidogo, unatafuta pa kukimbilia.

Raia kuvaa mabaka ya jeshi ni kosa huku, na kule ni kosa. Tulijua, lakini akili yetu yote ilikuwa kwenye gemu. Tukasema ni picha tu.

Ambalo hatukulijua ni hili. Wiki ile ile, majambazi waliovaa mabaka walikuwa wameteka malori njiani na kumuua utingo mmoja. Mji ulikuwa na uchungu. Redio zilisema, sokoni walisema. Sisi tulikuwa bandani tunatazama kionjo.

Ba'mdogo alijua. Hilo nilikuja kulijua baadaye.

Jumapili mchana akatupeleka nyuma ya yadi ya malori. Kulikuwa na gofu la lori lililoungua zamani, na ukuta nusu umebomoka. Ukipatazama, unasema kweli hapa pamepita vita.

"Kaza sura! Athuman, piga goti! Mika, elekeza bunduki kule!"

Akapiga picha kadhaa, kamera ikazima.

"Nisubirini hapa hapa. Nafuata betri nyingine."

Akaenda zake.

Sisi tukabaki na bunduki zetu za mbao, na unajua vijana. Tukaanza kucheza. Tunajificha nyuma ya gofu, tunafyatua risasi kwa midomo.

"Mwanangu, doria ya adui hiyo!" Mika akasema, akaruka ukuta na bunduki mkononi.

Upande wa pili alikuwa anapita mama na ndoo ya mihogo.

Mama yule alipiga ukelele hadi leo unanilia masikioni.

"Majambazi! Majambazi wa malori hawa hapaaa!"

Ndugu zangu, sijui watu walitoka wapi. Mawe, nondo, marungu. Kwenye kionjo chetu adui alikuwa anatoka ng'ambo na lugha yake. Hawa walikuwa watu ninaonunua kwao maandazi!

"Ni gemu!" nilikuwa nalia. "Jamani ni gemu, tunapiga picha!"

Nani amsikilize? Mmoja akachukua bunduki yangu akanipiga nayo mgongoni, ikavunjika vipande viwili.

"Hee! Mbona hii ni mbao?"

Nikasema Alhamdulillah, tumepona...

"Za kutishia hizo!" mwingine akadakia. "Za kweli wameficha!"

Basi. Tairi likaja, petroli ikaja. Damu imenijaa machoni, sioni vizuri. Ndipo nikasikia ile sauti ya Mika.

Jamaa wa kiberiti akasita.

"Ziko wapi?"

"Sijui, kaka! Wallahi sijui!"

"Anajua huyo! Msimchome, aonyeshe kwanza!" sauti nyingine ikatoka kwenye umati.

Wakanivua tairi, wakaniburuta. Kwa maumivu nikanyoosha mkono popote tu. "Kule... relini." Nusu ya umati ikaja na mimi, nusu ikabaki na Mika.

Hatukufika relini. Gari la polisi lilitokea mbele yetu, risasi zikapigwa hewani, watu wakatawanyika. Sikumbuki kingine.

Nilizinduka hospitalini. Ba'mdogo amekaa pembeni ya kitanda na chupa ya uji.

"Mika?" nikauliza.

Akainama.

"Wamemchoma, Athuman. Nilipofika na betri nikakuta wameshamaliza."

Nikafumba macho.

"Lakini usimlilie," akaendelea. "Watu wote walisikia alivyokutaja. Amekuuza, na Mungu amemlipa hapo hapo. Rafiki ni rafiki tu, mwanangu. Damu nzito kuliko maji."

Nikaamini! Nisiamini vipi, na masikio yangu yalisikia? Nikakumbuka ule utani wake wa bandani, nikasema kumbe hakuwa anatania.

Polisi waliona zile mbao, wakanihoji, wakaniacha. Ba'mdogo alinihudumia kama mtoto, ananilisha kwa mkono wake. Mika akapelekwa Isongole kuzikwa, mimi sikwenda hata baada ya kupata nafuu. Nilimchukia. Nilimchukia hadi jina lake likitajwa natoka nje.

Mwaka uliofuata gemu likatoka.

Ba'mdogo alikuwa wa kwanza kuwa nalo, kama alivyotaka. Banda likafurika. Siku ya kwanza wanaliwasha, nikasikia milio ile ile tuliyoikariri na Mika.  Nikatoka nje nikakaa kwenye jiwe, nalia bila kujua namlilia nani.

Kuna mama anaitwa Loisi, muuza mahindi ya kuchoma karibu na ile yadi. Alikuwa anapita na beseni lake. Akasimama.

"Wee kijana... si wewe yule wa siku ile?"

"Ndiye mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mwenzako mmemzika wapi?"

"Kwao. Mimi sikwenda. Aliniuza yule."

Mama Loisi akatua beseni chini.

"Alikuuza?" Akanitazama kama mtu aliyetukanwa. "Nani kakwambia maneno hayo? Mimi nilikuwa nimesimama karibu naye, kama wewe na mimi hapa!"

"Nilimsikia mwenyewe, mama. Alisema mimi ndiye najua bunduki."

"Sasa ulitaka aseme nini? Kiberiti kimeshatolewa! Asingesema unajua kitu, wangekuacha hai kwa lipi?"

Nikainuka pale kwenye jiwe.

"Wakamgeukia na yeye," akaendelea. "Wakamuuliza, na wewe unajua? Angesema ndiyo wangemchukua pia. Akasema mimi sijui, ni huyo tu. Nikamnong'oneza, we mtoto, sema unajua! Akaniambia, mama, tukionyesha wawili, mmoja atasema huku mwingine kule, watajua ni uongo, watatuua wote."

"Mama Loisi..."

"Subiri, sijamaliza. Kabla ya hapo, wewe wakiwa wanakupiga husikii kitu, alikuwa anamwita mtu kwenye umati. Baba mdogo, sema! Sema sisi ni vijana wako! Kuna mwanaume alikuwa na kamera, ameificha ndani ya koti. Watu wakamuuliza, unawajua hawa? Akasema siwajui. Akarudi nyuma, akaondoka."



Kumbe alirudi! Kumbe alifika mapema, sote wawili tukiwa hai, na mdomo wake ndio pekee uliokuwa na uwezo wa kutuokoa!

Niliingia bandani moja kwa moja nikachomoa waya wa umeme. Kelele zikakatika, vijana wakanigeukia.

"Ba'mdogo, ulikuwepo?"

"Wapi?"

"Yadini. Mika alikuita. Ulikuwepo?"

Alijua. Uso ulimshuka pale pale.

"Athuman... ningesema, wangetuchoma watatu."

"Redioni walisema majambazi wamevaa mabaka. Ulisikia?"

Akainama kuokota ule waya niliouchomoa.

"Ulisikia?!"

"Nilidhani ni picha tu. Dakika chache."

"Na hospitali? Kwa nini ulinifanya nimchukie?"

 Akaanza kulia, mtu mzima yule, mbele ya watoto wa watu. Labda ni kweli wangemchoma, mimi sijui. Lakini kule kumpaka matope marehemu ili yeye alale usingizi, hilo sikumsamehe. Nilichukua begi langu nikaondoka siku ile ile.

Nilifika Isongole, nikamkuta mama yake Mika, Tusekile, anapalilia maharage.

"Shikamoo mama. Mimi ni Athuman."

Akanyanyuka taratibu.

"Marahaba. Nilikungoja msibani."

"Nisamehe, mama. Nilidanganywa."

Nikamweleza yote, hadi kiberiti, hadi lile neno Mika alilomwambia mama Loisi.  Nilipomaliza alikaa kwenye tuta, jembe amelilaza miguuni.

"Walipomleta, hapa walisema ni jambazi," akasema. "Waliogopa kuja. Nilimfukia mimi na kaka zangu wawili. Hata wa kuanzisha wimbo hakuwepo."

Nikalia mimi, yeye hakulia.

"Jumapili utasimama kanisani," akasema. "Uyaseme hayo hayo, kwa mdomo wako."

Na nilisimama. Mimi Muislamu, mtoto wa Kondoa, mbele ya kanisa zima la Isongole. Niliwaambia Mika hakuwa jambazi. Niliwaambia alikuwa na nafasi ya kutoka pale akiwa hai, akanipa mimi.

 Kisha mzee mmoja akasimama, akatoka nje. Akafuata mwingine, kisha wamama, kanisa likabaki tupu. Walikwenda wote kaburini, na kila mmoja akaokota udongo akautupa juu, kama walivyopaswa kufanya siku ya mazishi. Wamama wakaanzisha wimbo.

Mama Tusekile alisimama pembeni, anawatazama. Wimbo ulipoisha akawaambia neno moja tu:

"Mmechelewa."

Akageuka akarudi shambani kwake.

Ndugu msomaji, ukikuta mtu amezungukwa anaitwa jambazi, usiokote jiwe kwanza. Piga simu polisi. Na kama unamjua yule aliye katikati, basi fungua mdomo wako pale pale, hata kama sauti inatetemeka. Wa kwetu alitujua kwa majina na kwa ukoo, akasema "siwajui."