Vijumba vya Mawe vya Hemakuta

Siku ya kuvuta gari la mungu kwa kamba, Hampi, mji wa mahekalu huko India, haina pa kuweka mguu. Watu wamejaa kuanzia hekaluni hadi juu ya kilima cha Hemakuta, pilipili zinakaangwa, nyani wanapora ndizi za sadaka, na kila mtu anampigia kelele mwenzake. Katikati ya zogo hilo Hulugesh, fundi mawe wa idara ya mambo ya kale, alikuwa akipuliza filimbi mpaka mishipa imemtoka.

"Dada! Wewe wa sari ya manjano! Shuka kwenye hilo baraza, lina miaka mia sita!"

Msichana hakushuka. Alikuwa amechuchumaa, asmini zimemning'inia mgongoni, bangili za kijani zikilia kila aliposogeza mkono, akipandisha jiwe la tatu juu ya mawili. Mwenye kuomba nyumba ndivyo afanyavyo pale: hupanga kijumba cha mawe, mambo mengine humwachia mungu.

"Nikishuka, nyumba utanijengea wewe?" akauliza bila kugeuka.

"Mimi mwenyewe nakaa chumba cha kupanga."

"Basi lete na wewe jiwe lako, kaka, uache makelele."

Hulugesh alicheka mpaka filimbi ikamdondoka. Akaokota jiwe, likawa la nne. Msichana aliitwa Nagaveni, mwalimu wa chekechea huko Anegundi, ng'ambo ya mto.

Miaka miwili simu zao hazikupoa.

"Umekula, malkia wangu?"

"Nimekula. Unakuja lini kwa Baba?"

"Nikipata nyumba, Veni. Mzee nitamwambia nini?"

"Haya, bwana nyumba. Nikiota mvi utanijulisha."

Mwanzoni Veni alikuwa akisema hivyo huku anacheka. Kisha mzee Sannappa, baba yake, akamwambia kuna watu wa mji wa Ballari wanakuja kumwona Ijumaa kwa posa. Kijana ana duka na ghorofa. Kama ana la kusema, aseme kabla. Veni hakuwa na la kusema, maana aliyepaswa kusema alikuwa bado anatafuta nyumba.

Jumatano akavuka mto, akapanda Hemakuta aombe penye mawe yao. Baraza lilikuwa limefagiliwa likatakata. Hata jiwe moja halikuwepo.

"Nani kabomoa?" akamwuliza mama muuza nazi.

"Hulugesh, asubuhi na mapema. Tena alianzia hapo hapo, mwanangu, kwa mikono yake."

Veni aliteremka kilima bila kuaga. Aliyejenga kijumba akikivunja mwenyewe ameondoa ombi lake, hilo kila mtu wa Hampi analijua. Hulugesh alipiga simu mara tisa. Ya kumi ikapokelewa.

"Veni, mpenzi, mbona..."

"Usiniite mpenzi. Sema umeghairi, niwapikie watu wa Ballari kwa moyo mmoja."

"Nisikilize kwanza. Amri imetoka, vijumba vyote viondoke, vinakwaruza mawe ya kale. Pale pana cha mjane, pana cha watu waliotoka mbali na watoto mgongoni. Nivunje vyao niache changu, ningewatazama vipi? Nikaanza na chetu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Aibu. Miaka miwili nyumba sina, na sasa hata ile ya mawe sina."

Hasira ilikuwa ikimtoka Veni, naye hakupenda itoke upesi hivyo. "Umewahi kuniuliza niliomba nini pale?"

"Nyumba."

"Siku ya kwanza. Toka siku ile, kila nikipanda naomba upate ulimi wa kusema na Baba. Nyumba unaitaka wewe!"

Hulugesh akasema, "Kesho Alhamisi."

"Najua kesho ni Alhamisi, mjinga wewe!" Akakata, akalia, akacheka.

Asubuhi Hulugesh alivuka mto na mama yake. Shati lake jeupe lilipigwa pasi likakauka kama ubao. Mama, ndani ya sari nyekundu ya hariri, alibeba sinia ya nazi, manjano na tambuu. Mzee akiichukua tambuu, binti ameposwa. Asipoigusa, wageni wanywe kahawa yao waende.

Sannappa, mkulima wa ndizi, hakuwa mtu wa kuzunguka.

"Una nyumba?"

"Sina, Baba. Nimepanga chumba Kamalapura. Bomba liko nje."

"Paa?"

Mama akamkanyaga mguu. Hulugesh akaona heri aibu ya kweli. "Linavuja. Upande wa mlango."

"Watu wa Ballari wana ghorofa."

"Najua, Baba. Mimi nina kazi, na nampenda Veni. Nimechelewa kuja, na kosa hilo ni langu."

Mzee aliitazama sinia, mkono hakuunyoosha. Kahawa ilipoa vikombeni.

"Na mvua ikinyesha, binti yangu alale wapi?"

Jibu lilitoka jikoni, kwa msichana ambaye hakuna aliyemwita.

"Kitanda tutakiweka upande wa dirisha, Baba."

Mama Veni, aliyekuwa naye jikoni, alimziba mdomo kwa pindo la sari, lakini maji yalishamwagika. Mama Hulugesh aliinama kuficha kicheko. Mzee alijaribu kukunja uso, uso ukamkatalia, akaichukua tambuu.